Chupa tupu ziache mezani

Mwaka jana tulimwachia dada wa watu, mhudumu wa baa, deni la kilo mbili za kitimoto, na hatukujua mpaka siku ya tatu.

Tulikuwa wanne, Jumamosi jioni, kwenye baa moja kubwa pale Kabwe, Mbeya, ile aina ya baa zenye matawi mikoa mbalimbali: menyu zinafanana, sare za wahudumu zinafanana, luninga kila kona. Mji ulikuwa umejaa na hapakuwa na kiti kilichobaki wazi. Tulikula, tukanywa, tukachangishana, mwenzetu mmoja akachukua hela akaenda kulipa. Sisi tukatangulia nje kutafuta bajaji.

Alilipa vinywaji tu. Baa za mtaani kwetu Ilomba jiko lina mwenyewe na kaunta ina mwenyewe, nyama unalipa kwa mchomaji pale pale inapofika. Akadhani mmoja wetu kashamalizana naye. Kumbe baa ile kila kitu kinaingia kwenye bili moja, na bili inasomeka kwa jina la mhudumu.

Jumatatu nilipita pale kula mchana. Yule dada alinifuata mezani, akasimama, wala hakupandisha sauti. “Kaka, juzi mliondoka hamjalipa nyama. Nimepata shoti, wamenikata.” Akatoa kidaftari mfukoni mwa aproni. Meza yetu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu, “wanne, dirishani”, na mbele yake kiasi. Nililipa yote saa ile, wenzangu wakanirudishia baadaye. Lakini alikuwa amelala siku mbili na deni letu.

Ndiyo maana naandika haya. Wengi tunaokunywa kwenye baa hizi hatujui hesabu inavyokwenda nyuma ya kaunta. Mhudumu akikuletea bia nne, zile nne zimeshaandikwa kwake. Usiku anafunga hesabu, na hela ikipungua anadaiwa yeye. Mteja akikimbia, analipa yeye. Chupa ikipasuka, mara nyingi ni yeye pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara bila kumweleza mfanyakazi kwa maandishi na kumpa nafasi ya kujitetea. Lakini usiku wa Jumamosi, saa sita, nani ataanza kuandikiana barua?

Kwa hiyo ukikaa tu, kabla hujaagiza, uliza: “Dada, jiko na kaunta bili ni moja?” Swali hilo moja lingetuokoa. Kisha, kama mko kundi, lipeni kila mzunguko unapoletwa. Najua wengine wanaona ni kama kutoaminiana. Mimi naona ni heshima kwa anayekuhudumia, na ninyi wenyewe hamtagombana mwisho wa usiku nani alikunywa tatu na nani tano.

Kama mnataka kulipa mwishoni, chupa tupu ziache mezani. Baa ikijaa mhudumu mwingine atapita akusanye ili kupata nafasi. Mwambie kwa upole aziache, au azipange kwenye kreti chini ya meza yenu. Bili ikija, hesabuni chupa pamoja naye, moja moja, mkiwa bado na akili. Nimeshaona bili yenye bia mbili za meza ya jirani, na nimeshaona bili iliyosahau mbili zetu. Zote mbili zinaumiza mtu. Baada ya hapo dai risiti ya mashine, na hakikisha nyama imo.

Ukilipa kwa simu, tumia lipa namba iliyobandikwa kaunta, na soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Ukitajiwa namba ya mtu binafsi, kataa. Ujumbe wa malipo mwoneshe mhudumu wako mwenyewe, si yeyote mwenye sare, maana kwenye vurugu ya watu yule mwingine hajui meza yako.

Nyama agiza kwanza, kabla ya kinywaji. Nenda jikoni uone ikipimwa mbichi, chagua, sema unataka ya kuchoma au rosti, na ndizi za Tukuyu kando. Jumamosi jiko likizidiwa unaweza kusubiri saa nzima, na saa hiyo ukiwa na bia ya Safari tupu tumboni utaijua. Kilimanjaro ina kilevi asilimia 4.5, Safari 5.5, tofauti inaonekana ndogo mpaka chupa ya nne. Konyagi, ambayo ni pombe kali, ni asilimia 35, kwa hiyo ichukue pamoja na maji makubwa.

Mgeni anaweza kushangaa akiagiza bia na kuulizwa, “Ya moto au ya baridi?” Ya moto maana yake haijakaa friji, basi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Julai usiku chupa iliyokaa rafuni tu inakuwa na ubaridi wa kutosha mkononi. Chukua ya moto, na usikae karibu na mlango, upepo wa mlima Loleza unaingia na kila mteja. Koti usiliache kwenye bajaji.

Namba ya dereva wa bajaji unayemfahamu iwe kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Na ukitaka kumwachia mhudumu chochote, mpe mkononi. Hela ya mezani inaondoka na anayekusanya chupa.