Mnauliza rangi, mimi naangalia breki

Zaidi ya nusu ya maswali ya magari ya kale yaliyonifikia safari hii ni ya rangi. Nimeyaweka kando. Haya hapa ndiyo yaliyobaki.

Shikamoo fundi. Babu ameniachia Land Rover 109, Series IIA, imekaa chini ya mwembe miaka kumi na miwili. Nataka irudi kama ilivyotoka kiwandani. Nianze na injini au nianze na ile rangi ya kijani ya zamani? (Mjukuu, Isevya, Tabora)

Marahaba. Usianze na chochote kati ya hivyo. Tafuta nyundo ndogo, tandika gunia, ulale chini ya gari.

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu. Hailiwi na kutu kama bati, na hapo ndipo inapowapumbaza watu: juu inang'aa, kumbe chini chasisi ya chuma imebaki ganda la yai. Gonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma. Ikilia kama kengele, shukuru. Ikilia kama debe la mchanga, au nyundo ikazama, umeshajua pesa zako zitaishia wapi. Kisha nenda kwa bibi umuulize gari lilikuwa linabeba nini. Sifanyi mzaha. Land Rover mbovu kuliko zote nilizowahi kufungua zilikuwa zikibeba chumvi kutoka Uvinza au dagaa kutoka Kigoma. Chumvi ikishaingia ndani ya chasisi haiondoki kwa ndoo mbili za maji. Kila masika inalowa na kuendelea kula. Zilizobeba tumbaku na asali nimezikuta na hali nzuri zaidi, ingawa nyuki huwa hawajui kwamba gari limebadili mwenyewe.

Chasisi ikiwa nzima, nenda kwenye breki. Hapa ndipo wapenzi wa "kama ilivyotoka kiwandani" na mimi tunapogombana. Gari la babu lilitoka kiwandani na mzunguko mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Paipu moja ikitoboka, hata kama ni ya gurudumu la nyuma kushoto, pedali inazama mpaka sakafuni na breki zote nne zimekwenda. Babu aliendesha hivyo kwa sababu barabarani alikutana na baiskeli tatu na ng'ombe. Wewe utakutana na basi la Mwanza. Tafuta masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) ya mzunguko pacha yenye sevo ya kuusaidia mguu, kama zile za Land Rover Series III za mwisho. Inaingia kwa kurekebisha kidogo kikasha cha pedali. Masta ya zamani ifunge kwenye kitambaa chenye mafuta, iweke kabatini. Siku akija mtu wa makumbusho akalilia uasili, mrudishie kwa spana mbili.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoifuata miaka yote: badilisha kile kinachoweza kurudishwa, usikate kisichorudi.

Unapofungua ngoma za breki, usipulize lile vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo. Lainingi za zamani, zile zinazosugua ngoma, zilikuwa na asbesto, na asbesto ikishaingia kwenye mapafu haitoki. Lowesha kwanza, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupe.

Jambo jingine hukuniuliza, lakini limewahi kumvunja mguu mtu ninayemjua. Breki ya mkono ya Land Rover hiyo haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu, ile mashine ya gia iliyo kati ya magurudumu ya nyuma, inaliruhusu lile lililo hewani kuzunguka, na lililobaki chini linazunguka upande wa pili. Gari linaondoka huku hendibreki imevutwa hadi mwisho. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu kabla ya kugusa jeki. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati.

Rangi utapaka mwishoni kabisa.

Niko kijijini, mafuta ya breki yamepungua. Naweza kuongeza oili ya injini au maji ya sabuni? (Msomaji, Kaliua)

Hapana. Oili inavimbisha kila raba iliyomo, na ukishaiweka unafungua mfumo mzima na kubadilisha raba zote. Sabuni inazidisha kutu, na maji yanachemka mapema kwenye mteremko. Nililijibu swali hili masika iliyopita, na masika ya kabla yake. Chupa ya mafuta ya breki ya DOT 4 inakaa chini ya kiti bila kukuomba chakula. Ila ikishafunguliwa usiihifadhi miaka, maana inanyonya unyevu wa hewani.

Gari langu linatetemeka. Tatizo ni nini? (bila jina, bila mahali)

Gari gani? Kwa mwendo gani? Likienda au likishika breki? Ni usukani au ni kiti? Hata mganga wa kienyeji huuliza jina la mama kwanza.

Fundi, nina Peugeot 404 pikapu ya marehemu baba. Nimeona kwenye simu yale magari ya Marekani yanayoitwa hot rod, nikayapenda sana. Nataka kukata paa, kushusha springi na kuingiza injini ya Toyota 3L. Fundi wangu wa Mwanga anasema siku nne zinatosha. Ushauri? (Kijana, Kigoma)

Kijana, nilipolisoma swali lako nilitoka nje nikanywa maji.

Siyachukii magari hayo. Ninachokichukia ni kuiga sura bila kujua historia yake. Vijana wa California walianza kabla ya vita kuu ya pili, wakishindana kwenye maziwa makavu kama Muroc, na kufikia 1937 walishakuwa na chama cha kusimamia mashindano. Gari walilolipenda kuliko yote lilikuja kuwa Ford ya 1932, kwa sababu ilikuwa na injini ya V8 na ilikuwa nafuu. Injini ile ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 65 tu. Wakaikuza. Sasa sikiliza sehemu ambayo simu yako haikukuonyesha. Ford ya 1932 ilikuwa na breki za fimbo, za kuvutwa kwa vyuma. Ford hawakuweka breki za mafuta mpaka magari ya 1939. Waliokuwa na akili miongoni mwa vijana wale walikwenda kwenye majalala ya magari, wakang'oa breki za Ford ya 1939 na kuzifunga kwenye ile ya 1932. Leo hot rod ya kale yenye breki hizo inahesabiwa kuwa ndiyo asili yenyewe. Na chama cha mbio za magari cha Marekani, NHRA, kilipoundwa 1951, kazi yake mojawapo kubwa ilikuwa kukagua usalama wa gari kabla halijaruhusiwa kukimbia. Mambo hayo huyaoni kwenye picha. Picha inaonyesha paa lililokatwa.

Tuje kwako. Injini ya 3L ni dizeli ya lita 2.8, nzito kuliko ile ya petroli ya lita 1.6 uliyo nayo. Ukiiweka mbele, unabadilisha uzito kwenye springi, kwenye usukani na kwenye breki za mbele. Utafunga giaboksi ipi? Difu ya 404 itavumilia? Nani atachomea mikono mipya ya kushikia injini, na ikikatika ukiwa unashuka kutoka Mwanga kwenda stesheni, utasimamia wapi, ziwani? Fundi anayesema siku nne hajapima chochote. Kazi hiyo ikifanywa sawasawa ni ya miezi, na inaanzia kwenye breki. Namba ya injini ikibadilika, kadi ya gari nayo irekebishwe TRA, la sivyo kila trafiki utakayekutana naye ataona kwamba umeiba kitu mahali fulani.

Paa usikate. Paa la gari si kofia. Ndilo linaloshikilia nguzo za kabini, na likiondoka bila kuimarishwa chini, milango inaanza kukataa kufunga.

Springi nazo usishushe. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania. Gari lile lilishinda kwa sababu lilipita kwenye mashimo na tope ambako magari ya bei kubwa zaidi yalivunjika. Wewe unaishi Kigoma, unataka kulishusha chini likwaruze tumbo kwenye kila tuta?

Ukitaka gari la baba liwe na moto kidogo, fanya hivi: injini ile ile ifunguliwe na kufufuliwa vizuri, kabureta isafishwe, shokapu mpya, breki mpya zote, tairi nzuri. Litakwenda kuliko ulivyowahi kuliona, maana nina hakika tangu ulijue limekuwa gonjwa.

Je, nikifunga mikanda kwenye gari la 1965 nitakuwa nimeharibu uasili wake? (Mwalimu, Urambo)

Mwalimu, meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, na injini zake za mvuke ziling'olewa miaka ya 1970 zikawekwa za dizeli. Umewahi kumsikia mtu wa Kigoma akisema ile si Liemba?

Funga mikanda. Ile ya pointi tatu, ambayo Volvo waliileta mwaka 1959, kwa hiyo ni ya zamani kuliko gari lako. Swali la maana ni unaifunga wapi. Bolti iliyopitishwa kwenye bati jembamba la sakafu itang'oka na bati lake siku ya ajali. Weka kipande cha chuma kinene upande wa chini, kipana kama kiganja, ili nguvu isambae. Kwenye sakafu yenye kutu usifunge kitu, anza na sakafu. Na kumbuka kwamba kwenye magari mengi ya umri huo nguzo ya usukani ni chuma kilichonyooka, hakikunjiki. Bila mkanda, kifua chako ndicho kitakachokunjika.

Nimepata tairi mpya kabisa za saizi ya zamani, zimekaa stoo, kashata (meno ya tairi) yote iko juu. Nichukue? (Msomaji, Nzega)

Soma ubavuni. Tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1409 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2009. Tairi hiyo ni mzee hata kama haijawahi kugusa lami, na stoo za kwetu zenye paa la bati zinaipika. Ikiwa na namba tatu tu, ni ya kabla ya 2000. Mwachie muuzaji afungie bembea.

Wazee wanasema magari ya kale hayawezi petroli ya siku hizi kwa kuwa haina risasi. Ni kweli? (Msomaji, Kasulu)

Nusu kweli. Nchi zetu ziliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, na tulifanya vizuri, kwa sababu risasi ile ilikuwa inaingia kwenye damu za watoto. Lakini ni kweli ilikuwa inalinda siti za valvu, pale valvu zinapokalia zikifunga, kwenye injini zenye chuma laini. Ukiendesha taratibu, huna haraka. Pima nafasi za valvu mara kwa mara, na zikianza kuziba zenyewe ujue siti zinalika. Siku utakapofungua silinda hedi kwa sababu nyingine, weka siti ngumu. Hazionekani, hakuna atakayekupunguzia alama za uasili. Vichupa vya dawa vinavyouzwa stendi, waachie wanaouza.

Tenki la petroli limetoboka. Limekaa bila mafuta miaka mitano, kwa hiyo nalipeleka kuchomelea. Tahadhari gani nichukue? (Msomaji, Sikonge)

Tahadhari ni kutolipeleka. Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke, na mvuke unajificha kwenye kutu na kwenye maungio kwa miaka. Nikiwa kijana, kwenye gereji moja ambayo sitaitaja, nilimwona mchomeleaji mzoefu akianza kazi kwenye tenki "kavu". Tulisikia mlio mmoja. Mfuniko tuliukuta siku ya pili, juu ya paa la jirani. Yeye alipona, kwa sikio moja.

Tengenezesha tenki jipya la bati kwa kipimo cha la zamani. Kwa nje hakuna atakayejua.

Fundi, mimi si mwenye gari, ni mke wa mwenye gari. Mume wangu amefufua Volkswagen ya mgongo wa kobe, amepaka rangi nzuri, ameweka viti vya ngozi. Anataka kutupeleka Kasulu sikukuu, mimi na watoto watatu. Niulize nini kabla sijapanda? (Mama, Ujiji)

Mama, wewe ndiye msomaji niliyekuwa namsubiri.

Muulize mambo matatu. Kwanza, mipira ya petroli ameibadilisha lini? Gari hilo lina tenki mbele, karibu na miguu yenu, na injini nyuma, na petroli inasafiri gari zima kufika huko. Mpira uliopasuka juu ya injini ya moto ndio umeziteketeza Volkswagen nyingi. Akisema "haivuji", hajakujibu. Pili, aonyeshe kizima moto, na akionyeshe kikiwa ndani ya gari, si nyumbani ukutani. Tatu, mwambie akupeleke kwanza barabara iliyo tupu, wewe peke yako, akanyage breki kwa nguvu akiwa kwenye mwendo wa 40. Gari likivuta upande mmoja, teremka.

Akikasirika, mwambie nimekutuma mimi. Viti vya ngozi vitasubiri. Kasulu basi linakwenda kila siku.