Barua kwa mwanangu: hesabu mwenyewe

Mwanangu,

Salamu kutoka Newala. Sote wazima. Mama yako magoti yanamsumbua kama kawaida ya kipupwe, na mikorosho imeanza kutoa maua, kwa hiyo alfajiri zote tuko shambani tunapulizia salfa, dawa ya ukungu. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema wenzako wa kazini huko Lindi wamekuandikisha mita 1500 kwenye mashindano ya watumishi, hujawahi kukimbia mbio za uwanjani, na unauliza: "Baba, nitangulie mbele au nikae nyuma ya wenzangu nisubiri mwisho?"

Nitakujibu. Lakini kwanza, je, unajua mita 1500 ni mizunguko mingapi? Usiseme minne. Ni mitatu na robo tatu, maana mmoja ni mita 400. Hamuanzii kwenye mstari wa kumalizia. Mnaanzia pale kona ya kwanza inapoishia, mnakimbia mita 300, ndipo mnapita mstari wa kumalizia kwa mara ya kwanza. Hapo imebaki mitatu kamili. Mkipita tena, miwili. Mkipita mara ya tatu ndipo kengele inalia, umebaki mmoja. Hesabu mwenyewe. Usimwachie mtu yeyote kazi hiyo, hata awe amevaa koti na kushika karatasi.

Najua utasema nimeanza tena. Sawa. Lakini habari ya shangazi yako hujawahi kuisikia yote, maana yeye mwenyewe hataki isimuliwe, na wewe ulipokuwa mdogo ukimuuliza kwa nini anahesabu chenji mara tatu alikuwa anakufukuza barazani.

Enzi zile maji yetu yalikuwa bondeni. Wasichana walikuwa wanateremka ukingo wa uwanda kabla hakujakucha, halafu wanaupanda tena na ndoo kichwani. Shangazi yako alikuwa akifika juu anatua ndoo na kuendelea na maneno aliyoyaanzia chini, hahemi. Mwalimu wake wa michezo alimwona siku moja na hakumwacha tena. Ndani ya muda mfupi hakuna msichana wa shule yao aliyeweza kumkaribia, na akachaguliwa kwenda mashindano makubwa ya shule. Mimi nilimsindikiza. Baba alikuwa amekataa, bibi yako akamshawishi, hiyo unaijua.

Kiwanja kilikuwa cha mchanga, mistari ya chokaa, na kengele ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe. Walianza vizuri. Shangazi yako alikaa wa tatu, mabega yamelegea, mdomo umefumbwa. Nilimwangalia nikajua anatembea tu. Wakapita mstari mara ya kwanza, wakapita mara ya pili, na mtu wa kengele akaipiga rimu. Kumbe zile mita 300 za mwanzo alizihesabu kama mzunguko mzima. Walikuwa wamekimbia mita 700, imebaki 800, yeye anawaambia ni mzunguko wa mwisho.

Shangazi yako aliposikia chuma kikilia, alifyatuka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kiwanja, napiga kelele "Bado! Bado!", lakini watu wote walikuwa wanashangilia na sauti yangu haikufika popote. Akawaacha wote kama mita 40. Akafika kwenye mstari, akanyanyua mikono, akapiga magoti mchangani. Watu wakamkimbilia na kanga. Ndipo mwamuzi mwingine akaanza kupunga kitambaa: bado mmoja, bado mmoja!

Aliinuka, mwanangu. Hilo ndilo ninalotaka ulijue. Alijipangusa mchanga magotini akakimbia tena, na miguu ilikuwa imekwisha. Akamaliza wa nne. Mwalimu wetu akalalamika, wakamwambia matokeo yamekwishaandikwa. Nilikasirika siku ile, na nikiandika hapa bado nimekasirika.

Lakini kuna binti mmoja aliyeshinda. Alitoka upande wa Nachingwea, mwembamba, miguu peku. Kengele ilipolia hakubadilisha kitu. Wote wanachomoka, yeye yuko na mwendo wake uleule. Alipopita karibu nami niliona mkono wake wa kushoto: vidole viwili vimekunjwa, viwili vimesimama. Kila akipita mstari anakunja kimoja. Mstari wa tatu akakunja cha tatu, akaanza kukimbia sasa, na hakuna aliyemwona tena mpaka mwisho. Nilitaka kumchukia na sikuweza.

Sasa utasema, baba, yule alishinda kwa sababu alikaa nyuma, kwa hiyo nikae nyuma. Hapana, sikusema hivyo. Nimejiuliza sana: alikaa nyuma kwa sababu alikuwa anahesabu, au alipata nafasi ya kuhesabu kwa sababu alikuwa nyuma? Anayetangulia ana mambo mengi kichwani. Anakata upepo wa wote, anasikia miguu nyuma yake na hajui ni ya nani. Na huko Lindi wakati huu kusi inavuma. Mbio zikipangwa mchana, anayetangulia upande ule wa upepo anawafanyia kazi wenzake.

Halafu namkumbuka mkimbiaji wetu Filbert Bayi na hoja yangu yote inayumba. Februari 2, 1974, Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alitoka mbele tangu mwanzo, hakumsubiri mtu, na John Walker wa hukohuko New Zealand alipomfukuza mwishoni hakumpata. Dakika 3 sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Walker mwenyewe siku hiyo alikimbia ndani ya rekodi ya zamani na bado akawa wa pili! Mtanzania ndiye aliyeonyesha dunia kwamba mbele panakalika. Basi tangulia? Ngoja. Moscow mwaka 1980, Bayi huyohuyo, moyo uleule, mita 3000 kuruka viunzi na maji. Akawaacha mbali sana, na Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia mzunguko wa mwisho. Medali ya fedha. Mtu aseme alikosea? Mimi sisemi. Fedha ya Olimpiki si jambo dogo, na asingetangulia vile huenda asingepata hata hiyo.

Kitu kimoja nina hakika nacho. Mgeni wa mbio hizi haponzwi na mahali alipokaa, anaponzwa na zile mita 300 za kwanza. Watu wote wanafyatuka, damu imechemka, unajiona mwepesi. Uliniambia mazoezini umemaliza kwa dakika 6. Basi ni sekunde 96 kwa mzunguko, na mara ya kwanza kwenye mstari upite na dakika 1 sekunde 12. Ukipita na dakika 1 kamili, hata kama uko peke yako mbele na watu wanakuita jina, umeshakopa na utalipa mzunguko wa kabla ya kengele. Mzunguko huo ndio mbaya kuliko yote. Kengele bado, watu wamechoka kushangilia, kila mtu anapunguza mwendo bila kujijua. Ukiweza hapo kushika sekunde 96 zilezile utaona watu wanarudi kwako wenyewe. Mara ya pili kwenye mstari 2:48, kengele 4:24. Ziandike mkononi kwa kalamu ukitaka. Na uhesabu mwenyewe.

Kwenye kona usikubali kukimbia njia ya pili ubavuni mwa mtu. Kwa mzunguko mzima inakuongezea zaidi ya mita 7. Lakini usijibane ndani kabisa pia ukazungukwa huna pa kutokea. Kaa nyuma ya bega la kulia la aliye mbele yako, unamwona na unaona njia. Mkianza mnasimama, hakuna kuinama kama wa mita 100, na wote mnakimbilia ndani mara moja, kwa hiyo linda miguu yako, viwiko vitakuwepo. Viatu vaa ulivyovizoea. Asubuhi kunywa uji, ugali wa muhogo uache kwa siku nyingine.

Umeniuliza mbele au nyuma na bado sijasema. Sisemi. Wewe una miguu ya shangazi yako, hilo nimeliona tangu ukiwa darasa la nne, na mwenye miguu ile... Hapana. Nikisema, utakwenda uwanjani na neno langu badala ya macho yako, na mimi sitakuwa ndani ya mstari. Kusi ikiwa imelala siku hiyo, na ukapita mstari wa kwanza na 1:12 yako bila kuhema, halafu ukaona waliotangulia wanasitasita... basi, nanyamaza. Mama yako anasema nimekwisha kukujibu. Mimi nasema bado.

Nitumie tarehe mapema, nimtafute mtu wa kushika mashine ya salfa. Shangazi yako naye anasema atakuja, ingawa ameniambia atakaa mbali na kengele.

Baba yako