AC inadondosha maji? Mimina kikombe kabla hujamwita mtu wa gesi

Mkuu, subiri kwanza! Umesema AC inadondosha maji chumbani, ubaridi uko palepale, na fundi kakujibu kwa simu kwamba "gesi imepungua, kesho nakuja kujaza". Mpigie huyo fundi sasa hivi, mwambie asije.

Maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikaitikia "sawa fundi" kama mtoto wa darasa la kwanza.

Yangu ilianza na tone mojamoja kwenye kona ya kushoto. Chumba kilikuwa baridi hadi tunagombania shuka. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, kwa sababu gesi ikipungua, koili ya ndani (mabomba yanayopoza hewa) hupoa kupita kiasi, inaganda barafu, na upepo unaotoka unakuwa dhaifu. Ukizima, barafu inayeyuka kwa mkupuo na trei ya kukingia maji inafurika. Kwangu hapakuwa na barafu hata ya kulamba. Lakini mtaalamu wangu hakufungua hata mfuniko wa ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye boksi la nje, akafunga geji ya kupimia gesi, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akajaza.

Maji yakakata siku nne. Nikamsifia kwa majirani, wawili wakachukua namba yake (samahani zao). Baadaye sana ndipo nikaelewa kwamba siku zile hewa ilikuwa kavu tu, AC haikuwa na maji ya kutoa.

Mara ya pili akaja na msemo mpya: "Hii ya kwako inakula gesi." Inakula! Gesi ya AC si mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, leo, kesho na mtondogoo. Ikipungua, ujue imevuja mahali, na anayejaza bila kupaka povu la sabuni kwenye maungio kutafuta tundu, anajaza pakacha. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Mchukuzi alikuwa yeye, mwenye mzigo mimi.

Mara ya tatu akajaza tena. Kwenye kibati cha boksi la nje pameandikwa aina ya gesi na gramu zake, lakini hakuna siku aliyokuja na mizani. Alijaza kwa jicho. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ikaanza kunguruma, swichi kuu ikawa inaruka yenyewe, na baada ya wiki tatu kompresa ikafa. AC isiyopoza haitoi maji, kwa hiyo kusema kweli alitimiza ahadi yake.

Kufikia hapo kabati lilikuwa limevimba milango haifungi, rangi ya ukuta imeota malengelenge, na beseni la kukingia matone mke wangu analiita kitinda mimba, maana ndilo lililotuamsha usiku.

Fundi wa pili aliitwa kubadilisha kompresa. Kabla hajashika bisibisi akaomba kikombe cha maji. Nikadhani ana kiu. Akafungua mfuniko, akayamimina taratibu kwenye trei iliyo chini ya koili, akaniambia niende nje nikatazame mdomo wa mpira unaotoa maji ya AC nje. Halikutoka hata tone. Yote yalirudi ukutani. Akaja nje, akainama, akacheka. Nyigu alikuwa amejenga pale mdomoni, kijumba cha udongo kigumu kama saruji, na nyuma yake ute mzito uliojazana na vumbi. Akachokonoa, akavuta kwa mashine ya kufyonza inayomudu maji, likatoka funda la ute sitaki kulielezea. Dakika kumi. Nimezika kompresa kwa sababu ya nyigu!

Fikiria kazi ya ule mpira. Hewa yenye unyevu ikigusa koili baridi inatoa jasho kama glasi ya maji ya friji. Msimu wa joto na unyevu, AC ya chumba inaweza kutoa lita nzima na zaidi kwa saa, na yote yanapita kwenye mpira mwembamba, mara nyingi bila pampu, kwa mteremko tu. Ute kidogo unatosha kuyarudisha chumbani.

Kwa hiyo sheria ni moja: maji kwanza, gesi baadaye. Zima swichi kuu, toa machujio, mimina kikombe kwenye trei polepole mbali na upande wenye nyaya, na mtu asimame nje. Kikitoka chote, mpira uko salama. Kisipotoka, umempata mchawi. Vuta kutoka nje, usipulize kwa nguvu kuelekea ndani, utafyatua maungio ndani ya ukuta uanze msiba mwingine.

Kikitoka chote na bado inadondosha, weka pimamaji (kile kifaa cha kupimia usawa) juu ya boksi la ndani uone kama limelalia upande usio na tundu la mpira. Kagua trei kama ina ufa. Angalia pia yale mabomba ya shaba nyuma, yakikosa sponji hutoa jasho nayo. Na kama mdomo wa mpira umeuzamisha kwenye ndoo ili upate maji ya kudekia, utoe. Nami niliwahi kuwa mjanja hivyo.

Ukikuta barafu kwenye koili, zima mpaka iyeyuke yote, osha chujio, washa tena. Ikiganda upya ndipo umwite fundi, na kabla hajafungua mtungi akuonyeshe gesi inavujia wapi.

Kamimine sasa hivi halafu rudi hapa utuambie maji yametokea wapi. Na kama ni nyigu, usichokonoe kwa kidole.