Chapa Kwanza, Dau Baadaye: Ninavyonunua na Kuuza Bunduki za Kale Mnadani

Bunduki yangu ya kale, Mauser ya 71/84, imeuzwa wiki iliyopita kwa dola 1,150. Niliinunua kwa dola 480 kwenye mnada wa mtandaoni, imewekewa picha chache zilizopigwa juu ya zulia kwenye mwanga hafifu, na maelezo ya mstari mmoja tu: bunduki ya zamani ya Kijerumani. Watu walikuwa wanapita. Mimi niliikuza picha moja mpaka ikakaribia kupoteza sura, nikaona taji dogo juu ya bunduki, pale mtutu unapoingia kwenye chuma cha mwili, na chini yake jina Spandau, kiwanda cha silaha cha Kijerumani. Nikamwandikia mwenye mali, nikamwomba anipigie picha ya kila namba anayoiona. Mzee wa watu alikuwa mwungwana, akazipiga zote. Namba ya mtutu, ya bolti (kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi), ya pete zinazoshika mbao, mpaka zile tarakimu mbili za mwisho zilizogongwa kwenye vichwa vya skrubu, zote zililingana. Hapo ndipo nilipoweka dau.

Aliyeinunua kwangu ni mkusanyaji wa Pennsylvania, mtu aliyezeekea kwenye fani hii. Alipoipokea aliniandikia kwamba kitu alichokishika mkononi ndicho hasa nilichokieleza. Maneno hayo yamenifurahisha kuliko hela, na sioni sababu ya kuificha furaha yangu.

Tangu niitangaze habari hiyo nimepokea ujumbe mwingi, na mmoja ndio ulionikalisha niandike. Kijana wetu mmoja yuko Minneapolis, anasema: "Kaka, na mimi naipenda sana historia ya bunduki hizi na nataka kuanza kukusanya, ila naogopa kutapeliwa. Nianzie wapi?" Namjibu hapa hadharani, maana najua mko wengi mnaokesha mkitazama minada hii na hamna wa kumwuliza.

Sheria kwanza, na nitaipitia haraka. Nayoeleza ni ya walioko Marekani. Nyumbani mambo ni mengine kabisa: Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na huko hakuna bunduki inayopatikana kwa kubofya kitufe. Huku, raia na mwenye kadi ya kijani wanaruhusiwa kununua. Aliye kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida sheria ya shirikisho inamkataza, na asithubutu kumtuma rafiki amnunulie kwa jina lake. Hilo ni kosa la jinai, na kwa mgeni linaweza kuharibu kila alichokijenga nchi hii.

Umri wa bunduki ndio unaoamua njia itakayopita kukufikia. Iliyotengenezwa 1898 au kabla, sheria ya shirikisho inaihesabu kuwa kitu cha kale, inaweza kuletwa mpaka mlangoni kwako bila kupitia duka, ingawa majimbo mengine yana masharti yao na lazima uyasome. Iliyofikisha miaka 50 na bado iko katika umbo lake la asili inaingia kundi la bunduki za kumbukumbu. Kwa kundi hili ipo leseni ya mkusanyaji, aina ya 03, inayotolewa na ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, kwa dola 30 kwa miaka mitatu. Ukiwa nayo, bunduki za kundi hilo zinakuja nyumbani moja kwa moja hata zikitoka jimbo jingine, na wewe unawajibika kuandika kwenye daftari kila inayoingia na kila inayotoka. Usipokuwa nayo, bunduki inatumwa kwa muuzaji mwenye leseni wa karibu nawe, unajaza fomu 4473, unafanyiwa uchunguzi wa FBI, ndipo unakabidhiwa. Kijana wangu wa Minneapolis, omba leseni hiyo kabla hujaweka dau lolote. Dola 30 hazikushindi.

Minada yenyewe ni ya namna mbili. Ipo ya watu kwa watu, mkubwa wake ukiwa GunBroker, ulioanza 1999, mwaka uleule eBay walipoacha kuuza bunduki. Halafu zipo nyumba za mnada, kama Rock Island na Morphy, ambazo hupokea madau ya mtandaoni pamoja na ya watu walioketi ukumbini. Kwenye nyumba za mnada kumbuka kuna ada ya mnunuzi juu ya dau lako, na inaweza kufika asilimia 20 au hata kuzidi. Kwa asilimia 20, ukishinda kwa 800 unalipa 960, bado hujalipa usafiri. GunBroker nako usidhani utavizia sekunde ya mwisho umpokonye mtu. Dau likiingia ndani ya dakika 15 za mwisho, muda unasogezwa mbele mpaka zipite dakika 15 bila mtu kupandisha. Wanaokesha wakisubiri kuvamia mwishoni wanajichosha bure. Andika kikomo chako kwenye karatasi mapema, ukiwa umekwisha kujumlisha ada na nauli, na kikipitwa zima simu ukalale. Bei ya kukisia thamani nayo uitafute kwenye minada iliyokwisha, pale palipoandikwa bunduki iliuzwa kwa kiasi gani. Mtu anaweza kuiombea Lee-Enfield yake, bunduki ya jeshi la Kiingereza, dola 2,000 mwaka mzima na asipate wa kumpa 700.

Sasa nije kwenye chapa, maana hapo ndipo fedha zinapopatikana na ndipo zinapopotea.

Bunduki ya kijeshi ya zamani ni cheti chenyewe. Lee-Enfield fupi ya Mark III, kwa mfano, ukiigeuza upande wa kulia utakuta kwenye shingo ya chuma, pale kitako kinapochomekwa, taji la mfalme na herufi GR, kisha kiwanda: Enfield, BSA, LSA, Lithgow ya Australia au Ishapore ya India, kisha mwaka. Namba yake inatakiwa iwe kwenye mwili, kwenye mtutu, nyuma ya mkono wa bolti, kwenye kilengeo cha nyuma na kwenye chuma cha mdomoni. Kila namba inapokosekana, bei inashuka. Ikiwa na chapa ya kampuni iliyoiingiza Marekani, jambo lililolazimishwa na sheria ya 1968, bei inashuka pia, kwa sababu wakusanyaji wanapenda zile zilizoingia zamani bila kuchorwachorwa.

Miaka michache nyuma nilinunua Mark III ya 1916 kwa mtu aliyeapa kwamba namba zote ni moja. Nilimwomba picha ya bolti akanitumia, imepigwa kwa mshazari, namba inasomeka vizuri. Bunduki ilipofika nikaiweka chini ya taa na kioo cha kukuzia. Nyuma ya mkono wa bolti chuma kilikuwa kimepigwa tupa kikawa bapa na king'avu kuliko kilichokizunguka, namba ya zamani imefutwa, na namba mpya imegongwa kwa tarakimu za umbo jingine kabisa. Ile saba ya kwenye mwili ina mkia ulionyooka, ya kwenye bolti mkia umepinda. Mtu alikaa chini na nyundo na tupa, akatengeneza uongo kwa mikono yake. Nilipomwandikia alijibu kwa maneno machache: imeuzwa kama ilivyo. Mwenye mnada naye akasema masharti ni masharti. Roho inaniuma mpaka leo, na si kwa ajili ya hela peke yake. Bolti ya bunduki nyingine huenda isikae sawasawa nyuma ya risasi, na anayeifyatua uso wake uko sentimita chache kutoka hapo. Muuzaji yule alikuwa anacheza na macho ya mtu.

Kwa hiyo sikilizeni. Picha ya namba iwe imepigwa kwa kutazama moja kwa moja, karibu, kwenye mwanga wa mchana. Weka picha ya bolti na ya mwili bega kwa bega kwenye skrini, linganisha umbo la kila tarakimu, moja moja. Tazama rangi ya chuma kuzunguka namba. Muuzaji akikataa kupiga picha, akisema hana muda au simu yake mbovu, mwache. Na soma masharti ya kurudisha kabla ya kuweka dau: wapo wanaotoa siku tatu za kukagua, wapo wasiopokea chochote. Mimi kwa asiyepokea chochote sipandishi tena, hata bunduki iwe nzuri vipi.

Ziko pia za kuiga. Mafundi wa Khyber, mpakani mwa Pakistani na Afghanistani, kwa vizazi vingi wamekuwa wakitengeneza bunduki za Kiingereza za Martini na Enfield kwa mkono, pamoja na chapa zake. Hapo jicho linasaidia: herufi N iliyogeuka nyuma mbele, au herufi VR za Malkia Victoria kwenye bunduki iliyoandikwa mwaka wa baada ya 1901, wakati malkia alikuwa amekwisha kufariki. Kama kitu cha ukutani zina uzuri wake. Kuzipiga risasi, kamwe.

Kuna mtego mmoja unaotulenga sisi wenyewe, na huu unanigusa kwa sababu mimi ni mtu wa Tanga. Wauzaji wamegundua kwamba maneno "askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani" yanapandisha dau. Nimeona Mauser za kila aina zikiandikwa hivyo bila ushahidi wowote, na nimeona majina ya kwetu yakipandishana bei. Naelewa. Sisi tuliokulia mahali ambapo Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa, tuliopita mbele ya Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, tangu utotoni, moyo unaruka ukisoma hivyo. Lakini tukumbuke historia yenyewe inasemaje. Novemba 1914, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipowapiga Waingereza pale Tanga, askari wake wengi walikuwa bado na Mauser za 1871, za risasi moja moja na baruti nyeusi. Ukifyatua, wingu la moshi linaonyesha ulipojificha. Ushindi ule uliwapa bunduki za adui kwa mamia, bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi zipatazo 600,000. Miaka iliyofuata waliendelea kujipatia silaha kwa njia hiyohiyo, na Novemba 1917 wakawapokonya Wareno pale Ngomano. Walipoweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, nyingi walizokuwa nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.

Sasa mtu wa Kentucky anakuambia Mauser aliyoirithi kwa shemeji yake ilibebwa na askari wa Tabora. Mwulize: ilitokaje Abercorn ikafika Kentucky? Ana barua? Ana picha ya familia? Ana karatasi yoyote yenye namba inayofanana na ya kwenye chuma? Kama hana, toa bei ya Mauser ya kawaida, wala usione haya. Hata ile 71/84 yangu, aliyeinunua aliniuliza kama ina uhusiano na Afrika. Ningeweza kumdanganya, jina langu tu lingetosha kumshawishi. Nilimjibu kwamba ni bunduki ya askari wa miguu wa Ujerumani yenyewe, haina habari na kwetu. Akainunua vilevile.

Na hapa ndipo nataka niwaambie ukweli, ndugu zangu, hasa mnaotaka kuuza. Uza kama unavyotamani kuuziwa. Ufa kwenye mbao upige picha, tena uweke kidole pembeni watu waone urefu wake. Kutu ndani ya mtutu ionyeshe. Usipige msasa, usipake vanishi, using'arishe chuma. Rangi ile ya kahawia iliyojijenga kwa miaka mia ndiyo anayoilipia mkusanyaji, na ukiiondoa hairudi. Nimeona mtu ameiosha Enfield nzuri kwa sabuni na brashi ya waya, akatuma picha kwa fahari, na thamani nusu imekwenda na maji. Wengi wetu tunapenda kitu king'ae ndipo tukione cha maana, na tabia hiyo inatugharimu.

Msiligeuze hili kuwa duka la siri pia. Leseni ya mkusanyaji ni ya kukusanya. Unaruhusiwa kuuza moja ili uboreshe mkusanyiko, kama nilivyofanya. Ukianza kununua leo na kuuza kesho, mwezi baada ya mwezi, kwa ajili ya faida, hiyo ni biashara, na tangu sheria ya 2022 maana ya mfanyabiashara imepanuliwa. Hapo unatakiwa leseni ya muuzaji. Waliosema "nani atajua" wamekwisha kujua.

Kusafirisha mimi sihangaiki nako. Naipeleka kwa muuzaji mwenye leseni hapa mtaani, anaifunga na kuituma kwa ada ndogo. Bolti naitoa, naifunga peke yake ndani ya boksi lilelile, isije ikatoboa mbao njiani.

Dola 1,150 zile zinasubiri Lee-Enfield yenye ile sahani ya shaba upande wa kulia wa kitako, na juu yake herufi K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huko kwetu. Nimekwisha kuona moja inayodai hivyo, mnada wake unafungwa Jumapili, na mwenye nayo bado hajanitumia picha ya sahani. Asipotuma mpaka Jumamosi jioni sitaweka dau. Wewe wa Minneapolis, na mwingine yeyote mwenye bunduki anayoinyemelea, nitumie picha za chapa nikuangalizie. Zipigwe karibu, na mchana.