Tiba ya sumaku ya ubongo na taamuli kwa Muislamu mwenye sonona

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mwanamke, naishi Uingereza. Nina sonona, na dawa mbili hazikunisaidia. Daktari amenipangia tiba ya sumaku kichwani kwa wiki sita, pamoja na taamuli, yaani kukaa kimya na kufuata pumzi. Nyumbani wanasema hiyo ni ibada ya Mabudha. Mtaalamu wa mashine ni mwanamume, na Ramadhani itanikuta katikati ya matibabu. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Dada yetu, sonona ni maradhi, si upungufu wa imani. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, alikwisha kutenga huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomvamia mtu bila sababu, na hiyo ya pili akaihusisha na mwili. Na Mtume (s.a.w.) amesema: "Jitibuni, enyi waja wa Allah" (Abu Daud na Tirmidhi). Tiba yenyewe basi ni halali. Linalobaki ni namna ya kuifanya.

Katika mpango uliozoeleka, koili, yaani kile kipande cha mashine kinachotoa sumaku, huwekwa mbele ya kichwa upande wa kushoto. Hupiga mapigo 10 kila sekunde kwa sekunde 4, hunyamaza sekunde 26, na huendelea hivyo mpaka yatimie mapigo 3,000, kama dakika 37 na nusu. Kichwa huweza kuuma. Kifafa hutokea kwa nadra sana. Mwenye chuma kichwani au kifaa cha usikivu kilichopandikizwa sikioni asiikaribie, kwani hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Kuhusu stara, omba kwanza mtaalamu mwanamke. Akikosekana, dharura hukadiriwa kwa kadiri yake, na hapa kadiri ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Sumaku hupenya kitambaa, ila nguvu yake hushuka upesi koili ikiwa mbali na ngozi. Mtandio uliokunjwa mara tatu utaiharibu tiba. Kofia nyembamba ya kubana, kama ya waogeleaji, haina neno, mradi uvae hiyohiyo tangu siku ya kupimwa kiwango cha sumaku kinachokufaa. Pini na hereni zote vua.

Taamuli ina asili ya Kibudha, hilo ni kweli. Lakini ile ya hospitalini, aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts mwaka 1979, haina ibada ndani yake, na kufuata pumzi si kumwabudu yeyote. Ukiambiwa utaje miungu au uinamie sanamu, hapo ondoka. Ukipenda, zile sekunde 26 za kimya vuta pumzi taratibu, na unapoitoa sema "Ya Latif" moyoni. Nasema moyoni kwa sababu midomo ikicheza na kichwa hucheza, koili ikahama, mapigo yakaangukia pasipo pake. Siku ya kupimwa kiwango weka tasbihi kando kabisa: daktari anatazama kidole gumba cha kulia kitakavyoshtuka, na mkono unatakiwa ulegee.

Majaribio ya kuviunganisha viwili hivi bado ni machache na madogo, kwa hiyo taamuli isikufanye ukose hata kipindi kimoja cha mashine. Wako wagonjwa ambao kimya huwaamshia mawazo mabaya. Ikiwa ni hivyo kwako, fumbua macho na ufanye dakika tano tu. Wazo la kujiua likija, mwambie daktari siku hiyohiyo. Mwenye maradhi ya wasiwasi, yanayomfanya arudierudie jambo bila kutulia, asihesabu dhikri kabisa.

Saumu haibatiliki, maana hakuna kinachoingia tumboni. Shida ni usingizi: kukesha huongeza hatari ya kifafa. Tarawehe ndefu, kisha daku, kisha koili asubuhi, hapana. Sali rakaa nane ulale, au omba kipindi cha alasiri baada ya kulala mchana, na mwambie mtaalamu umelala saa ngapi. Dawa zako usizihamishie daku au futari bila daktari kujua. Dozi ikibadilika, kiwango cha sumaku nacho hupimwa upya. Daktari akisema huwezi kufunga, kula, ulipe siku hizo ukipona.

Wallahu a'lam.