Maswali ya wasomaji: bei ipo jedwali jingine, naivutaje kwenye fomula?

SWALI: Nina majedwali mawili ndani ya Power Pivot, sehemu ya Excel ya kuunganisha majedwali. Mauzo lina tarehe, namba ya bidhaa na idadi. Bidhaa lina namba, jina na bei. Nataka Mauzo liwe na safu ya thamani, yaani idadi mara bei, lakini nikiandika =[Idadi]*Bidhaa[Bei] napata kosa. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, fomula ya safu hukokotolewa mstari kwa mstari. Ikiwa kwenye mstari mmoja wa Mauzo, inaziona thamani za mstari huo tu. Bidhaa[Bei] kwake ni safu nzima yenye bei nyingi, na haina njia ya kujua ichukue ipi. Hata majedwali yakiwa yameunganishwa, uhusiano haufuatwi hadi uutake kwa jina, kwa RELATED, amri inayovuta thamani kutoka jedwali lililounganishwa:

=[Idadi]*RELATED(Bidhaa[Bei])

Uhusiano wenyewe utauunda kwenye mwonekano wa mchoro (Diagram View): buruta namba ya bidhaa kutoka Mauzo, idondoshe juu ya namba iliyo ndani ya Bidhaa. Safu zote mbili ziwe za aina moja, namba kwa namba au maandishi kwa maandishi. Upande wa Bidhaa kila namba itokee mara moja tu. Ikijirudia pande zote mbili, Power Pivot itakataa kuziunganisha. Ukiwa na jedwali la tatu, tuseme Makundi lililounganishwa na Bidhaa, RELATED moja inatosha kufika huko kutoka Mauzo.

Hatari kubwa ni ile isiyotoa kosa lolote. Namba iliyouzwa isipopatikana kwenye Bidhaa, RELATED hurudisha tupu, na idadi mara tupu ni tupu. Jumla inapungua kimyakimya. Kwa hiyo ukimaliza tu, chuja safu mpya uone mistari iliyo tupu. Mara nyingi utakuta bidhaa iliyosahaulika kuorodheshwa, au nafasi iliyojificha mbele ya herufi ya kwanza ya namba ya maandishi. Hiyo iondoe kwenye Power Query, zana ya Excel ya kusafisha data, kwa amri ya Trim, kisha uonyeshe data upya (Refresh).

Jambo jingine tunalokusihi ulifikirie: ukibadilisha bei ndani ya Bidhaa, mauzo ya miaka yote iliyopita yatahesabiwa upya kwa bei hiyo mpya. Kama bei zako hupanda na kushuka, bei ya siku ya mauzo iandikwe ndani ya Mauzo lenyewe, na hapo RELATED hutaihitaji kabisa kwa kazi hii.

SWALI: Mimi nataka kinyume chake: kila bidhaa ionyeshe jumla ya idadi iliyouzwa. Nimeandika =SUM(Mauzo[Idadi]) kwenye Bidhaa, na mistari yote ina jumla ileile. Pia, nikichagua mwaka mmoja kwenye ripoti, namba hazibadiliki.

JIBU: SUM peke yake haijali uko mstari gani, hujumlisha jedwali zima. RELATED nayo haitafaa, kwa sababu bidhaa moja ina mistari mingi ya mauzo. Tumia RELATEDTABLE, ambayo hukuletea mistari ya bidhaa hiyo tu:

=SUMX(RELATEDTABLE(Mauzo), Mauzo[Idadi])

Kuhusu mwaka, hakuna fomula ya safu itakayokusaidia. Safu hukokotolewa data inapoonyeshwa upya, matokeo yakahifadhiwa, na kichujio cha ripoti hakiyagusi. Unachohitaji ni kipimo, kile ambacho Power Pivot hukiita *measure*: fomula inayokokotolewa upya kila unapobadilisha kichujio cha ripoti. Kiandike kwenye eneo la hesabu chini ya jedwali la Mauzo:

Jumla ya Idadi:=SUM(Mauzo[Idadi])

Kiweke kwenye ripoti kando ya jina la bidhaa, kisha chagua mwaka. Safu tuibakize kwa yale unayotaka kuyachuja au kuyapanga kwa makundi, kwa mfano "inauzika sana" na "inauzika kidogo".