Maji ya tangi la samaki yanamwagika kila umeme ukikatika

SWALI: Nina tangi la samaki la kioo, urefu sentimita 120 na upana 45. Chini yake, kabatini, kuna tangi la chujio la sentimita 80 kwa 40, kimo 40, na maji yake hufika sentimita 25. Umeme ukikatika usiku, asubuhi nakuta sakafu imelowa. Fundi anasema nifunge valvu ya kuzuia maji kurudi. Ninunue ya brasi au ya plastiki? Pia tank konekta (kiungo cha kupitishia bomba kwenye kioo cha tangi) ya inchi 1 niliyoletewa na kaka yangu kutoka Marekani inavuja inapoungana na bomba, ingawa nimeizungushia tepu nyingi na kuipaka silikoni. Msomaji, Dodoma.

JIBU: Usinunue valvu yoyote bado, ndugu yangu. Kuna kipimo kimoja hukukitaja: mdomo wa bomba linalopandisha maji umezama kiasi gani kwenye tangi la juu? Karibu kila anayeniletea habari ya sakafu kulowa ameshashauriwa valvu, na karibu wote hakuna fundi aliyewauliza hilo.

Pampu inayopandisha maji kutoka tangi la chini ikizima, bomba la kupandishia linabaki limejaa maji. Kwa kuwa mdomo wake umezama, maji yanageuka na kushuka kwa njia ileile, kama mtu anavyovuta petroli kwa mpira. Yatashuka mpaka mdomo upate hewa. Tuseme umezama sentimita 12, kama ninavyokuta kwenye matangi mengi. Kwa upana na urefu wa tangi lako, kila sentimita moja ya kimo ni lita 5.4, kwa hiyo zinarudi karibu lita 65. Tangi la chini lina sentimita 15 tupu, yaani lita 48. Lita 17 zinazozidi ndizo unazopigia deki asubuhi.

Sasa inua mdomo huo uwe sentimita 2 tu chini ya uso wa maji. Zinarudi lita 10.8, na maji ya chini yanapanda kama sentimita 3 na nusu. Ongeza lita kumi hivi za yale yanayoendelea kushuka kwa bomba la kutolea, lile linaloteremsha maji ya juu kwenda chini, mpaka uso ufike kwenye ukingo wake, bado una nafasi ya kutosha. Gharama yake ni elbo moja na kipande cha bomba. Wengine hutoboa kitundu kidogo cha hewa kwenye bomba karibu na uso wa maji. Kinafaa, lakini mwani hukiziba, kwa hiyo kisiwe tegemeo lako pekee.

Kuhusu valvu, nimefungua nyingi na najua zinavyokufa. Ndani kuna kijimlango chenye raba kinachotakiwa kukaa sawasawa kwenye kiti chake. Chembe ya mchanga, uzi wa mwani au konokono mchanga akikwama hapo, mlango haufungi. Na kwa maji ya visima ya huko Dodoma, yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, chokaa itaganda kwenye kiti hicho bila wewe kuona. Fundi anapokuonyesha siku ya kwanza, inafanya kazi vizuri. Baada ya miezi michache huenda imeharibika, na huna namna ya kujua kwa sababu pampu inapofanya kazi mlango uko wazi wakati wote. Utajua saa nane za usiku umeme ukikatika. Kinachoniudhi ni kwamba mtu aliyeuziwa valvu hujiona salama, hivyo hagusi tena kimo cha mdomo wala hapunguzi maji ya chini. Ukiitaka sana, ifunge baada ya mpangilio kuwa sawa bila hiyo, uweke yunioni (kiungo kinachofunguka bila kukata bomba) pande zote mbili, na uifungue kuisafisha mara kwa mara.

Ya brasi hapana. Brasi ni shaba na zinki, na shaba huua konokono na kamba wadogo hata ikiwa kidogo, samaki nao hudhurika. Mafundi huichukua kwa mazoea ya simtank. Lakini maji ya nyumbani hupita yakaenda zake, ilhali ya tangi la samaki huzunguka yaleyale kwa wiki nzima, na madini yanajilimbikiza. Tumia plastiki ya PVC kila mahali.

Konekta yako nadhani haina ubovu wowote. Nyuzi, yaani meno ya kukazia, za Marekani na zinazouzwa madukani kwetu hazifanani. Kwenye inchi 1, za kwetu ni 11 kwa kila inchi, zao ni 11 na nusu, na hata pembe ya jino ni tofauti. Zinaingia mizunguko michache kisha zinagoma, ukadhani umekaza. Tepu haiwezi kurekebisha hilo. Tafuta konekta na soketi za aina moja, au ya kuunganisha kwa gundi ya PVC, na uiache ikauke saa 24 kabla ya kuweka maji. Ile silikoni ikwangue yote kwa wembe. Haishiki vizuri kwenye PVC, na nyingi za bafuni zina dawa ya kuua kuvu. Raba ya konekta ikae upande wa kichwa, ndani kwenye maji, ikiwa kavu na safi, nati iwe nje. Kaza kwa mkono, kisha robo ya mzunguko tu. Wanaoongeza nguvu kwa spana ndio wanaopasua kioo.

Na hili nawaambia wote wanaoweka matangi majumbani: fundi asiyezima pampu mbele yako hajamaliza kazi. Mwambie aizime, msimame pamoja mpaka maji yaache kushuka, aiwashe, arudie mara kadhaa, kabla samaki hawajaingia na kabla hujamlipa. Kisha pampu ikiwa inafanya kazi, chora mstari kwa maka peni kwenye kioo cha tangi la chini, mahali ambapo maji yasipite. Mwonyeshe mstari huo kila mtu wa nyumbani anayeongeza maji yanapopungua, watoto pia, maana ndoo moja ya ziada inakula sehemu kubwa ya nafasi uliyoipigia hesabu.